Weka chini hiyo petroli, mkuu

Umeuliza kati ya nyigu na kenge nani hatari zaidi bandani kwa kuku, halafu katikati ya swali ukapitisha kimyakimya kwamba leo saa kumi jioni unafunga tambara kwenye fito, unalichovya petroli, unachoma kiota kilicho chini ya makuti. Acha!

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka hadi uliposimama, moto unakurudia mkononi kabla kiota hakijaungua, na makuti hayasubiri kuombwa. Tena saa kumi nyigu wengi wako nje wanawinda viwavi. Watarudi wakukute na fito lako. Mwiba wao hauna vijino vya kunasa kama wa nyuki, kwa hiyo mmoja anachoma, anachomoa, anachoma tena.

Na asikudanganye mtu kwamba moshi huwalegeza. Hilo ni la nyuki, ambao wakinusa moshi hujaza tumbo asali. Nyigu ana asali gani? Fundi aliyenipa ushauri huo aliutoa akiwa amesimama barabarani, hela keshatia mfukoni. Banda langu siku hizi ni la bati. Majirani nawaambia ni maendeleo.

Nyigu ni usiku, bila moto. Ngoja hadi saa mbili usiku, wote wamerudi na baridi imewapunguza kasi. Lita 1 ya maji, vijiko 3 vya mezani vya sabuni ya maji, bomba linalorusha mkondo, si ukungu. Sabuni inayafanya maji yapenye vitundu vyao vya kupumulia. Usipande ngazi, usisimame chini ya kiota. Suruali ndani ya soksi, kichwa na shingo vifunikwe. Tochi izibe kwa nailoni nyekundu, iweke pembeni, usiishike: wakitoka wanafuata mwanga. Kiota kiangushe asubuhi, kikonyo ukikwangue. Ukiumwa ukavimba midomo au ukahema kwa shida, ni hospitali saa hiyohiyo, si kupaka kitunguu.

Eti kenge? Hata wa mita 2 anakimbia ukimwachia njia. Usimbane kona tu, ana mkia, kucha na meno. Hutembea mchana jua likishampasha, kwa hiyo mayai okota mapema. Wavu ufukie sentimita 30, maana anachimba. Ila usianze kugongelea wavu kabla ya kuwamaliza nyigu: nguzo unayoipiga nyundo ndiyo inayoshika paa lao.