Mashamba ya upepo Marekani: mkulima hauzi ardhi
Watu wengi huuliza kama kampuni ya umeme wa upepo inanunua shamba la mtu. Hapana, hainunui. Inakodi tu vipande vya kusimamisha mitambo ya upepo, yaani zile nguzo ndefu zenye mapanga yanayozungushwa na upepo kuzalisha umeme, mikataba mingi ni miaka 20 mpaka 30 na zaidi, hati inabaki kwa jina la mwenye shamba na ng'ombe wanakula majani mpaka chini ya nguzo. Mimi niko Abilene, Texas, ukishika barabara kuu kwenda magharibi unapita Sweetwater halafu Roscoe, pale kuna mitambo 627 iliyokamilika 2009, yenye uwezo wa kuzalisha umeme kama megawati 781 hivi, na katikati yake watu wanalima pamba kama kawaida, ardhi inayochukuliwa ni pale penye msingi wa nguzo na kibarabara cha kuifikia basi. Malipo mara nyingi ni asilimia ya mauzo ya umeme, kwa hiyo hata mwaka wa ukame pamba ikikauka hela ya upepo bado inaingia, na kwa familia nyingi hiyo ndo imeokoa shamba.

Ila jirani asiye na mkataba hapati kitu, anabaki na kelele na zile taa nyekundu za juu ya mitambo usiku, ndo maana ugomvi huko vijijini unakuwa mkali kwelikweli. Na kuhusu kung'oa mtambo ukichakaa, Texas ina sheria tangu 2019 kwamba mkataba lazima uibane kampuni ing'oe yenyewe, majimbo mengine yana taratibu zao, kwa hiyo mwenye shamba atafute wakili wake mwenyewe kabla ya kusaini.