Ndoa ina tarehe, swali lako halina

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nimehitimu madrasa, na jioni humsomesha mdogo wangu Qur'ani. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alifariki akiwa na miezi saba. Tulisoma Yasin, tukatoa sadaka, tukaomba usiku kucha, akafa. Tangu hapo siamini tena kama kuna anayesikia. Nikisujudu najiona mnafiki. Usiku naamka saa tisa, nasoma kwenye simu mpaka alfajiri, na nguo zangu zote zimenipwaya. Posa imepokewa, nikaha ni baada ya miezi mitatu, na mchumba wangu ni mtu wa dini. Mama akijua atakufa. Halafu najiuliza, ningezaliwa Mumbai si ningekuwa Mhindu? Shangazi, Mungu yupo? Na nimwambie nani?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mtoto. Msiba wa namna hiyo hauishi kwa hitima.

Umefunga mambo mawili fundo moja, na ndiyo maana unakabwa. Kama Mungu yupo au hayupo ni swali ambalo hakuna aliyekuwekea siku ya mwisho ya kulijibu. Nikaha ina siku. Ukililazimisha la kwanza lipate jibu ndani ya miezi mitatu kwa ajili ya la pili, utajidanganya tu: ama utajitia imani usiyonayo ili ukumbi usipotee, ama utatangaza ukafiri ambao huna hakika nao ili upate pumzi. Tuyatenganishe. Lakini kabla ya yote mawili kuna mwili, na mwili wako haumo salama.

Kuamka saa tisa kila usiku, kupungua, kuona hakuna anayesikia: hali hizi zikikaa wiki mbili mfululizo, daktari yeyote wa akili atakuuliza kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona humnyima mtu ladha ya vyote, chakula, kazi, watu, na sala pia. Anayesali ndani ya sonona huhisi anazungumza na ukuta, na aliyeacha sala ndani ya sonona huhisi ukuta huohuo. Sikwambii shaka yako ni ugonjwa. Nakwambia huwezi kuipima ukiwa hulali. Wiki hii nenda hospitali ya Coast General, au ya Port Reitz ambako kuna huduma za afya ya akili. Mweleze daktari mambo manne: saa unayoamka, uzito uliopungua, tarehe ya msiba, na kama umewahi kutamani usiamke. Hilo la nne usilifiche, na kama lipo leo, usingoje wiki, nenda leo na mtu unayemwamini. Omba pia upimwe damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uchovu na huzuni inayofanana na hii.

Na angalia kitu kimoja zaidi. Kuna shaka inayokuja kama swali, na kuna inayokuja kama mwasho: unarudia udhu mara tano, unarudia takbira, neno la kukufuru linapita kichwani bila wewe kulitaka, kisha unatetemeka. Huo ni wasiwasi, na hauponi kwa kusoma hoja, kwa sababu kila jibu huzaa swali jipya baada ya dakika kumi. Tiba yake ni kujizoesha, ukiongozwa na mtaalamu, kuliacha wazo lipite bila kulijibu na bila kurudia tendo. Pengine na dawa. Barua yako haionyeshi dalili hizo, ila wapo wasomaji wangu wengi watakaojitambua hapa.

Sasa swali lenyewe. Sitakujibu yupo au hayupo, na wala si kwa kuogopa. Jibu la kuazima kwa Shangazi halitakushika hata wiki. Nitakupa namna ya kulifanyia kazi.

Zima simu saa tatu usiku, iache nje ya chumba. Mijadala ya usiku mtandaoni hutengenezwa ili usiache kutazama. Ukimaliza moja unasukumiwa kali zaidi, na saa kumi alfajiri kila hoja huonekana haina jibu. Badala yake tenga dakika arobaini, siku tatu kwa wiki, mchana. Chukua daftari la karatasi, si la kwenye simu, ulifungie droo ya kazini. Gawa ukurasa mara mbili: upande mmoja andika *hoja*, mwingine andika *jeraha*. Maalim aliyekuchapa, mawaidha yaliyokuudhi matangani, hayo ni majeraha. Ni ya kweli, lakini hayasemi lolote kuhusu Mungu kuwepo. Chukua hoja moja tu kwa majuma mawili. Isome kwanza kwa yule anayeitetea vizuri kabisa, kisha kwa yule anayeipinga vizuri kabisa. Kosa wanalofanya wengi ni kusoma hodari wa upande mmoja na dhaifu wa upande wa pili.

Hoja yako ya Mumbai, tuanze nayo kwa kuwa ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Inaeleza ulivyoipata imani, haielezi kama imani ni kweli. Mtoto wa daktari hujifunza kwamba viini huleta maradhi kwa sababu tu amezaliwa nyumba ile, na viini vipo vilevile. Tena inakata pande zote: aliyelelewa na wasioamini naye amerithi. Inachofanya kwa haki ni kukuondolea kiburi. Inasema, usijione mjuzi kwa jambo ambalo hujawahi kulichunguza. Hapo iko sahihi.

Hoja ya mtoto ni nzito, na usimruhusu mtu aifanye nyepesi. Mwanafalsafa William Rowe aliiweka hivi mwaka 1979: mtoto wa paa ameungua kwenye moto wa msituni, analala siku kadhaa kwa maumivu, kisha anafariki, na hakuna mwanadamu aliyeona wala kufaidika. Kwa nini? Jibu la hiari, alilolijenga Alvin Plantinga katika miaka ya 1970, husema uovu ni gharama ya viumbe kuwa huru. Linajibu wizi na mauaji, lakini homa ya mtoto wa miezi saba linaigusa kwa mbali tu. Wanazuoni wa Kiislamu nao hawakuafikiana. Kundi la Muutazila walisema Mungu ni muadilifu, hivyo lazima alipe fidia kwa kila maumivu yasiyostahili. Kundi la Waashari wakasema Mungu hawajibiki kwa mizani yetu. Unaona basi: wenye imani thabiti wamebishana juu ya jambo hili zaidi ya miaka elfu moja. Kuumizwa nalo si upungufu wa dini. Na kama kuna aliyekuambia matangani kwamba "Mungu amempenda zaidi" alikuwa anakuliwaza. Maliwazo hayakutengenezwa yabebe uzito wa hoja, ndiyo maana yalivunjika ulipoyakalia.

Hoja ya chanzo utaikuta pia: kila kilichoanza kina kilichokianzisha, ulimwengu ulianza, kwa hiyo upo mwanzilishi. Sayansi inakadiria miaka bilioni 13.8 tangu ulimwengu uanze kutanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa, lakini fizikia bado haijafika nyuma ya hapo, kwa hiyo mwenye kuamini na asiyeamini wote wasijitwalie ushindi kwa tarakimu hiyo. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, aliamini Mungu na papo hapo akaona ulimwengu ni wa tangu na tangu. Mwanazuoni al-Ghazali akampinga vikali. Ibn Rushd, mwanafalsafa mwingine wa Kiislamu, akamjibu al-Ghazali. Wasome hao kabla ya vijana wa video.

Kuhusu unafiki. Mnafiki ni anayeonyesha imani ili awadanganye watu. Wewe unasujudu ukitafuta. Qur'ani yenyewe, katika aya ya 260 ya sura ya Baqara, inamtaja Nabii Ibrahim akiomba aonyeshwe wafu wanavyohuishwa, akaulizwa, huamini? Akasema naamini, ila moyo wangu utulie. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, masahaba walimwendea Mtume wakisema wanakuta nafsini mwao mambo mazito hata kuyatamka. Akawaambia hiyo ndiyo imani bayana. Al-Ghazali, ambaye vitabu vyake vinasomwa madarsani huku pwani, aliandika kwamba kuna wakati alitilia shaka hata macho yake na akili yake, karibu miezi miwili, na kwamba hakupona kwa kupanga hoja. Wasomaji wangu Wakristo wana Mama Teresa: barua zake zilizochapishwa 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, zinaonyesha miaka mingi ya giza tupu katika maombi. Sikuahidi utarudi kama al-Ghazali. Wapo wanaorudi, wapo wasiorudi wakaishi maisha ya heshima. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 755,000 waliosema hawana dini.

Sala basi usiiruke kutoka tano hadi sifuri kwa siku moja, wala usijiongezee kwa kujiadhibu. Chukua ile unayoiweza kwa ukweli, uisali polepole, na ukikwama kwenye dua sema unachokimaanisha tu, hata kama ni "sijui kama unanisikia." Mdogo wako endelea kumsahihisha herufi na madda, hapo huna uongo wowote. Akikuuliza kama una hakika, mwambie, "Swali zuri, muulize baba."

Tuje kwenye lenye tarehe. Mama anaweza kungoja. Mchumba hawezi.

Katika fiqhi ya Shafii inayofuatwa na wengi pwani yetu, mmoja wa wanandoa akitoka katika Uislamu kabla ya kuingiliana, ndoa huvunjika papo hapo. Ikiwa ni baada ya kuingiliana, husubiriwa eda, na akirejea ndani yake ndoa inaendelea. Wanazuoni hutofautisha wasiwasi unaokuvamia na kukana ulikokukubali, kwa hiyo wewe wa leo huenda umo ndani kabisa. Lakini yeye ana haki ya kujua anafunga akidi na nani. Mkutane sebuleni kwenu, mchana, dada yako akiwa chumba cha pili. Usitume ujumbe: picha ya ujumbe hufika kundi la ukoo la WhatsApp kabla hujamaliza chai. Sema machache: "Tangu mtoto afariki, imani yangu imetikisika. Sijaacha dini, na sijui nitaishia wapi. Nakuambia kabla ya akidi kwa sababu nakuheshimu." Nyamaza hapo.

Akisema atangoja, vizuri, na nikaha isogezwe mbele miezi sita. Akisema basi, utalia, lakini utakuwa umelia kabla ya ndoa badala ya baada ya watoto wawili. Ninayemwogopa ni anayesema, "Usijali, nitakubadilisha." Huyo anakuoa ili akurekebishe, na kila sala utakayochelewa itakuwa kesi. Pesa ya mahari, ikiwa imeshaletwa, usiiguse hata shilingi: akidi isipofungwa hurudishwa yote. Zawadi ni mazungumzo ya wazee.

Mama ukifika wakati wake, jua kwamba swali lake la kwanza halitakuwa la Mungu. Atauliza, "Nilikosea wapi?" Jibu hilo uwe nalo tayari mdomoni: hukukosea, ulinifundisha kusema kweli. Msiwe jikoni, usiwe mwezi wa Ramadhani, wasiwepo mashangazi. Baada ya alasiri, nyinyi wawili. Usimwambie kaka kwanza. Mama akisikia kwa mwingine, kidonda ni cha kuachwa nje, na hicho huchelewa kupona kuliko kile cha dini.

Huenda wakasema una jini, wakutake usomewe. Ukiridhia, sikiliza kisomo, kunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani. Lakini usikubali kupigwa, kufungiwa, kufushwa moshi chumba kisicho na dirisha, wala kuachishwa dawa za hospitali. Kitambulisho na vyeti vyako vikae kwako, na uwe na akiba ya kodi ya miezi mitatu kwenye akaunti yako peke yako. Sidhani vibaya kuhusu wazazi wako. Mtu mwenye pa kulala huzungumza bila kutetemeka. Sheria ya Kenya haina kosa la kuacha dini. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inakulinda uamini au usiamini, na inasema usilazimishwe tendo lililo kinyume na imani yako. Ila mirathi ya Waislamu hufuata sharia, na hapo asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Usiandike wala kutia saini tamko lolote kuhusu dini yako kwa hasira ya siku moja.

Ukitaka sheikh wa kuzungumza naye, asiwe wa msikiti wa baba yako. Neno la Kibokoni hufika Kuze kabla ya magharibi. Vuka feri, au nenda Kisauni. Mjaribu kwanza kwa swali la mtu mwingine: "Rafiki yangu amefiwa na mtoto, anasema haoni kama Mungu anasikia, nimwambie nini?" Akianza na moto wa jahannam, mshukuru uondoke. Akikuuliza mtoto alikuwa na umri gani, kaa.

Anza na hospitali, Jumatatu. Mchumba aje ndani ya wiki tatu, ukishalala usiku kadhaa vizuri. Na kadi za mwaliko zisiende kwa mchapaji mpaka awe amekusikia, akayafikiri maneno yako wiki nzima.