Ukitaka kujua wasomi wetu wamepita wapi, waulize wenyewe

Msomaji mmoja wa Wete ameniandikia: "Dada, nataka kufanya uzamili juu ya watafiti wa Zanzibar wanaohama nchi hadi nchi, lakini msimamizi wangu ananambia mada haina data. Wewe ulipita wapi?"

Nimeusoma ujumbe huu kwa uchungu. Nilipowasilisha pendekezo langu, mkubwa mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba haya ni mazungumzo ya barazani. Mwezi huu makala yangu juu ya mada hiyo hiyo imekubaliwa na jarida. Alhamdulillah, na nalisema kwa fahari.

Mdogo wangu, data ipo. Wengi huanzia kwenye machapisho: mtu akiandika makala, jina lake hufuatana na la chuo chake, na ukizipanga makala zake kwa miaka unamwona leo Dar es Salaam, kesho Stockholm. Scopus na Web of Science, hifadhidata kubwa za makala za kitaaluma, ni za kulipia, na ada yake si ya mwanafunzi. Anza na OpenAlex, hifadhidata ya namna hiyo hiyo iliyofunguliwa 2022, ambayo ni bure. Ongeza ORCID, iliyoanza 2012: ni namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti hujisajilia mwenyewe, na akitaka huorodhesha alikosoma na alikofanya kazi.

Lakini usiishie hapo. Sisi jina la mwisho ni la babu, si la ukoo. Mtu akiitwa, tuseme, Salum Khamis Juma, makala hii atatia S. K. Juma, ile Salum Khamis. Hifadhidata inamgawa watu wawili: mmoja yuko Norway na hakurudi, mwengine yuko Tunguu, hapa Unguja, na hakutoka. Hapo hujafika kwa Mohamed, Mohammed na Muhammad. Nilikesha nikiwaunganisha watu kwa mkono, jina kwa jina, na hakuna programu iliyonifanyia kazi ile vizuri kuliko kumpigia simu mtu anayewajua.

Kisha kuna aliyesajiliwa uzamivu Sweden huku utafiti wake anaufanyia Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja. Anaandika vyuo viwili, na kompyuta inahesabu kahama. Na yule aliyerudi akapewa ukuu wa idara au akaingia wizarani, akaacha kuchapisha? Huyo anapotea kabisa, na kumbe ndiye aliyerudi nyumbani kutumika!

Mtazame Profesa Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021. Aliondoka Zanzibar kijana mdogo, baada ya Mapinduzi ya 1964, hajaandika hata makala moja. Kwa kuwa hesabu ya machapisho huanza na chapisho la kwanza, kuondoka kwake haikuoni. Kwa hesabu hiyo, Gurnah ni msomi wa Uingereza tangu mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, kabla ya kuwa mwalimu wa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent. Anayesema "alitoka Zanzibar akaenda Uingereza" ameiruka Nigeria nzima. Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, naye alisoma Marekani na London, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Njia mbili tofauti, na zote mbili ni zetu.

Kwa hiyo kaa na mtu. Chora karatasi yenye mstari kwa kila mwaka, na safu za kazi, nchi, aliyelipia, na mambo ya nyumbani. Tarehe watu husahau, lakini mwaka aliozaliwa mtoto hawasahau, na kutoka hapo mengine yote hukaa mahali pake. Safu ya nyumbani ndiyo iliyonifunza zaidi. Mama mmoja wa Chake Chake alipata nafasi ya kufanya utafiti Ulaya baada ya uzamivu, akaiacha kwa sababu ya mzee wake mgonjwa. Hakuna hifadhidata duniani yenye safari ambayo haikufanyika. Vijana, waulizeni watu hawa wangali hai! Msione haya kwenda kwa waliorudi, msikimbilie wa ughaibuni peke yao kwa sababu wanajibu barua pepe haraka. Wanawake waulizeni wao wenyewe, si waume zao.

Shughulikia kibali mapema: Zanzibar ina utaratibu wake, kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, peke yake hakitoshi. Wewe uko Pemba, basi anza na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, inayofanya utafiti wa afya pamoja na wageni wa nchi nyingi. Waliopita pale wana mengi. Dodoso lako nitumie kabla hujaenda uwandani, nitalisoma.