Kabla hujanunua, uliza intaneti ikikatika itakuwaje
Unataka kununua kisanduku cha kuendesha taa na vifaa vya nyumbani kwa simu, na unaogopa kuja kudaiwa ada ya kila mwezi: hofu yako ina msingi kabisa, ndugu. Kisanduku cha aina hiyo cha kampuni ya Wink kiliuzwa katika maduka ya Home Depot kule Marekani bila ada. Mei 2020 kampuni ikatangaza dola 4.99 kwa mwezi, usipolipa simu yako haiwashi hata taa ya sebuleni. Lowe's, maduka mengine ya huko, nao walizima Iris, mfumo wao wa aina hiyo, Machi 2019, ingawa angalau walifidia wateja vifaa vyao. Kisanduku kinachotegemea kompyuta za kampuni kupitia intaneti kinaweza kukufikisha hapo, kwa hiyo dukani uliza hivi: intaneti ikikatika, ratiba za taa zinaendelea? Kama hapana, kiache. Kisanduku cha Hubitat, au programu ya bure ya Home Assistant, huendesha vifaa vya Zigbee na Z-Wave (aina mbili za mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani) humo humo nyumbani, bila kupitia intaneti.