Re: Hadithi za kale za Norwei, nianzie wapi?
Mkuu, umeuliza uanzie wapi na kama zinafaa kumsomea mtoto wa miaka 7 kabla ya kulala. Zinafaa sana, anza na ile ya Askeladden, kijana shujaa wa ngano hizo, kushindana kula na zimwi. Yaani kaka zake wote wameshatimua mbio toka msituni, yeye kitinda mimba anatoa jibini anaikamua mpaka maji yanachuruzika, anadai ni jiwe, jitu likanywea lenyewe. Baadaye kwenye uji kajifungia mkoba tumboni, anamwagia humo, ukijaa anautoboa kwa kisu, zimwi linauliza haiumi? wala, likaiga likajipasua tumbo 😂 kwisha habari yake. Damu ipo ila inapita haraka, kama kwenye ngano zetu tu.

Ukizoea nenda kwenye lile zimwi lililouficha moyo wake mbali huko ndani ya yai, hiyo ndo naipenda kuliko zote. Tafuta mkusanyo wa Asbjørnsen na Moe, Wanorwei waliokusanya ngano hizi miaka ya 1840, tafsiri ya Kiingereza ya Dasent ya 1859 ipo bure mtandaoni, lugha ya kizamani kidogo so pitia kwanza mwenyewe halafu msimulie kwa Kiswahili. Michoro ya mazimwi ya Kittelsen, mchoraji wa Norwei, muonyeshe mchana, usiku hapana aisee.