Masters ya unasihi: ulizeni fildi kabla ya ada

Jumbe nyingi za wiki hii zimetoka kwa watu wenye kazi zao tayari: walimu, wauguzi, watu wa benki, watumishi wa mji wa serikali wa Mtumba, Dodoma. Wanataka kusoma shahada ya uzamili wahamie kwenye unasihi, yaani ushauri nasaha. Nimechagua chache. Wanaoendelea kuuliza "chuo gani masters yake ni rahisi" nimeshawajibu humu mara nyingi, na jibu ni lile lile: tafuteni fani nyingine.

Shikamoo. Ni afisa wa benki, nina shahada ya uhasibu. Kazini na mtaani watu wote hunifuata kwa ushauri. Naweza kuingia masters moja kwa moja? (Area C)

Marahaba. Vipo vyuo vitakavyokupokea, na vipo vitakavyokutaka uanze na stashahada ya uzamili kwa kuwa hukusoma saikolojia wala ustawi wa jamii. GPA, vingi huanzia 2.7. Kubadili fani si tatizo. Carl Rogers, Mmarekani ambaye mbinu zake bado zinafundishwa kila mahali, aliingia chuo kusoma kilimo, akapitia seminari ya teolojia, ndipo akahamia saikolojia na kupata udaktari mwaka 1931.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo la kufuatwa kwa ushauri. Nilimsimamia mwanafunzi aliyetoka benki kama wewe. Zoezi lake la kwanza, mwenzake aliigiza mama aliyefiwa na mume, mashemeji wakamtoa nyumbani. Mama hajafika hata kwenye msiba wenyewe, kijana keshachomoa kalamu na kuandika: mirathi, mwenyekiti wa mtaa, ada za watoto. Kila alichoandika kilikuwa sahihi. Yule "mama" akaanza kuitikia "sawa, sawa" huku macho yako mlangoni, na hapo tukasimamisha zoezi. Ilimchukua muhula mzima kuweza kukaa na mtu anayelia bila kumwambia "nyamaza, yataisha". Aliweza, na leo ni mnasihi mzuri. Kama uko tayari kuacha mazoea yanayokupa sifa mtaani, omba nafasi.

Kuna masters ya unasihi ya mwaka mmoja, Jumamosi tu?

Kwa viwango vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na kila krediti ni saa 10 za kazi. Gawanya kwa Jumamosi zako.

Mimi ni muuguzi, niko Dodoma. Kuna chuo cha nje kinatoa masters ya unasihi mtandaoni, na nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi napata punguzo. Unanishauri nini?

Usilipe, dada yangu, mpaka uwe umewauliza TCU kama tuzo ya chuo hicho inatambulika nchini. Uliza sasa. Nimeona watu wazima wakilia na cheti mkononi kwa sababu waliuliza baada ya mahafali.

Hata kikitambulika, swali kubwa bado. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, utaifanyia wapi? Nadharia utaisoma hata usiku ukiwa zamu, lakini unasihi hufunzwa mbele ya mtu mwenye shida yake, na baadaye mbele ya msimamizi anayekuuliza kwa nini ulimkatiza mteja pale alipotaja baba yake. Muulize mtu wa udahili: nitakaa na wateja saa ngapi kabla ya kuhitimu? Nani atanisimamia, na yeye mwenyewe amenasihi wapi? Akikujibu kwa habari za punguzo tena, funga simu.

Na kwa kuwa uko Dodoma, una Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, karibu. Uliza utaratibu wa mafunzo kwa vitendo pale. Nawaambia na wengine wote: anayetaka kuwa mnasihi huku bado akimtania mwenzake "wewe wa kupelekwa Mirembe" aache leo. Wateja wetu wanasikia, na ndiyo maana wengi wanakuja wakiwa wamechelewa.

Mwalimu wa sekondari, Kondoa. Mkuu wa shule amenipa unasihi pamoja na nidhamu. Nikipata masters nitabadilishiwa kada?

Cheti peke yake hakikubadilishii kada, mwalimu. Pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla hujaanza, jina lako liwemo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na uulize mapema kama hiyo kada mpya ina nafasi. Wapo waliojisomea kimyakimya, wakarudi na masters yao kwenye kipindi kile kile na mshahara ule ule.

Lakini hili la unasihi na nidhamu kwa mtu mmoja ndilo linalonikera kila nikizunguka mashuleni. Unaingia chumba kimeandikwa UNASIHI mlangoni. Ndani fimbo zimeegemezwa ukutani, na kiti cha mwanafunzi kimelundikwa karatasi za mtihani. Binti anayesumbuliwa na mjomba anayemlipia ada atakaa wapi humo, na ataanzaje kusema mbele ya mkono uliomchapa Jumatatu? Mwombe mkuu akupunguzie moja. Akikataa, fimbo zitoke na kiti kiwe wazi.

Na mtoto usimwahidi siri isiyo na mpaka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa. Mweleze hilo mwanzoni kabisa, kabla hajafungua moyo.

Bodi ya Mikopo wananipa?

Usijenge mpango juu ya mkopo huo. Sehemu kubwa ya fedha zao huenda shahada ya kwanza.

Mchungaji, Kikuyu, Dodoma. Wanandoa wengi wananijia. Nikiwa na masters naweza kuwaandikia hati ya kwenda mahakamani kuvunja ndoa?

Hapana, Mchungaji. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, shauri hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza ndilo linalotoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Masters haikufanyi baraza.

Ila kasome, kwa sababu mbili. Utajifunza kutowakalisha pamoja mke anayepigwa na mume anayempiga. Huyo mama anahitaji usalama na Dawati la Jinsia la polisi kwanza. Pia utajifunza kwamba ya chumbani hayapandi madhabahuni. "Kuna dada mmoja humu, simtaji jina..." Mchungaji, kanisa zima linamjua.

Niko Mtumba, nafikiria kusoma Dar na kusafiri kwa treni ya SGR wikiendi.

Anza kuuliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo Kikuu cha St John's na kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa hapa. Wapo watumishi wengi waliohamia Dodoma wakaacha familia Dar. Ndio watakaokuwa wateja wako; fanya fildi walipo.

Nipo mwaka wa kwanza masters. Nimeshaanza kupokea wateja watatu WhatsApp, na kesi ngumu nazipeleka kwenye grupu la darasa wanisaidie. Nitoze shilingi ngapi?

Usitoze hata senti. Mwanafunzi hupokea wateja chini ya msimamizi anayejua kila mmoja wao, si peke yake kwenye simu ambayo pengine hata wadogo zako wanaijua namba ya siri. Kuhusu grupu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kumficha jina haitoshi ukishataja mtaa, kazi na idadi ya watoto.

Futa ulichotuma leo, na waombe wenzako wafute. Nenda kwa msimamizi wako umweleze yote bila kupunguza. Kisha wapigie hao watatu, mmoja mmoja, uwaambie kwamba bado unasoma na kwamba habari zao zilifika kwenye grupu, uwaombe radhi na kuwauliza kama wanaridhia uwaunganishe na mnasihi aliyekamilika. Atakayekataa, heshimu.