Acha Kifuu Kiwe Kifuu: Kwa Wanaoanza Kutengeneza Diorama

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya diorama, yaani mandhari ya kuigiza inayopangwa kwa vitu na sanamu, huanza kwa kuuliza vijumba na vijisanamu vya watu vinauzwa wapi. Aliyekulia Pwani ana duka nyuma ya nyumba: vifuu, usumba, makuti makavu, kokwa za ukwaju, dodoki lililokaukia uani. Utotoni kifuu kilikuwa sufuria asubuhi na jahazi jioni, na hakuna aliyekipaka rangi kwanza. Ukikipaka mpaka kisitambulike, unabaki na chombo kibovu. Kitie mlingoti wa kijiti na tanga la kipande cha kanga, ukiache kionekane ni kifuu, na mtazamaji atamalizia mwenyewe. Mjapani Tatsuya Tanaka, anayetoa picha moja kila siku tangu 2011, husimamisha watu wadogo chini ya brokoli. Inageuka mti na bado ni brokoli.

Kipimo kiamue mapema. Kwa 1:24, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 24, mtu wa sentimita 170 anakuwa na sentimita 7 hivi; kwa 1:87, kipimo cha treni za kuchezea, hafiki hata sentimita 2. Anza na 1:24, vidole vipate nafasi. Watu, milango na ngazi vifuate kipimo hicho hicho. Kifuu, jani na mzizi peke yake ndivyo vina ruhusa ya kukivunja.

Muda wako mwingi upeleke kwenye ardhi, maana nyumba nzuri juu ya ardhi mbaya haimdanganyi mtu. Mchanga wa ufukweni usuuze kwa maji ya bomba mara kadhaa, la sivyo chumvi itavuta unyevu na kuacha utando mweupe. Uanike, uchekeche. Gundi nyeupe ya maseremala ichanganye nusu kwa nusu na maji, kisha tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni gundi husimama vidonge vidonge juu ya mchanga badala ya kuzama. Machicha ya chai yaliyokaushwa ni majani yaliyopukutika chini ya mwembe, na sijapata kitu cha dukani kinachoyashinda. Nyasi ni usumba: toboa tundu kwa sindano, chovya ncha ya kifungu kwenye gundi, panda, kata baada ya kukauka. Dodoki lichane kwa mkono, maana mkasi huacha kingo zilizonyooka na hakuna mti wenye kingo hizo. Lichovye kwenye rangi nyepesi ya kijani, likamue.

Mbegu na vijiti vianike jua kali kwanza. Vingi vina wadudu ndani. Rangi ya kupuliza huyeyusha lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, kwa hiyo lifunike kwanza kwa rangi ya maji. Maji ya bwawa ukiyafanya kwa epoksi, ile gundi angavu ya kuchanganya sehemu mbili, mimina tabaka nyembamba, kwani ikiwa nene hupata joto na kupasuka. Glavu mkononi, dirisha wazi.

Ukuta wa nyuma usiwe na kona. Katika jumba la makumbusho la American Museum of Natural History, New York, ukumbi wa wanyama wa Afrika uliofunguliwa 1936 una diorama ya gorila wa milima ya Virunga, huko huko alikofia mwasisi wake, Carl Akeley, mwaka 1926. Ukuta umepinda, na jicho halijui msitu unaishia wapi na mchoro unaanzia wapi. Kwako inatosha kadi nyembamba iliyopindwa ndani ya sanduku la viatu.

Picha nayo ni sehemu ya kazi. Mtoto hakulitazama jahazi lake kwa juu kama kipanga. Alilala kifudifudi mchangani. Pindua simu juu chini, lenzi ikaribie ardhi, mwanga wa dirisha utoke ubavuni. Ukiona mapaa kabla ya milango, bado uko juu mno.